Mtumbwi Ambao Ndaki Hakuuona

Lusia alikuwa na miaka arobaini na minne alipokwenda kuulizia bei ya mtumbwi kwa mara ya kwanza, na kuogelea hakujua. Alizaliwa Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe, mahali ambapo mwezi wa tisa wanawake hufukua mchanga wa mtoni mpaka kiunoni ndipo wapate ndoo ya maji. Ziwa aliliona tayari ana mtoto mgongoni. Hata hivyo asubuhi ile ya Jumanne alishuka kwenye pikipiki mwaloni, pale wavuvi wanapopakulia samaki, upande wa Muganza, akaenda moja kwa moja mpaka pale ilipolazwa mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, kana kwamba kazi hiyo ameifanya tangu usichana wake.

Aliyemtuma, na kumfundisha atembee hivyo, alikuwa mume wake, Ndaki.

Ndaki naye alikuwa mtu wa Kishapu. Ujana wake ulipitia minadani, akimsaidia baba yake kuuza ng'ombe, na huko alijifunza kitu alichokipenda kuliko pombe na ngoma: kupatana bei. Walipooana, Lusia aligundua kwamba mume wake anaweza kusimama nusu saa akibishania jembe ambalo hana nia ya kulinunua, kisha akaondoka anacheka, na muuzaji naye anacheka. Misimu miwili ya pamba ilipoharibika mfululizo walihamia Buseresere. Lusia akafungua kibanda cha chakula kando ya barabara ya Biharamulo. Ndaki akapata kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, akakaa huko miaka kumi na sita. Kila jioni alirudi nyumbani nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi, na mtoto wao Fredy, alipokuwa mdogo, alikuwa akimwita babu.

Kikohozi kilianza taratibu. Kwanza wakasema kifua kikuu, akameza dawa miezi sita bila kuruka siku. Kikohozi kikabaki. Ndipo daktari mmoja alipoitazama picha ya kifua kwa muda mrefu, akasema mapafu yamekauka kwa vumbi la mawe, na kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha. Ndaki alimshukuru, akatoka nje, akamwambia mke wake, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, tununue mtumbwi."

Lusia alidhani homa imempanda.

Lakini Ndaki alikuwa amefikiri. Wavuvi wa dagaa walikuwa wateja wa kibandani kwa Lusia, na alikuwa amewasikiliza miaka yote hiyo. Mwenye mtumbwi si lazima aende ziwani. Anaajiri wavuvi, wanagawana kinachopatikana, yeye anakaa mwaloni anapokea dagaa na kuwaanika. "Kazi ya kukaa chini na kutazama," alisema. "Hata mtu asiye na pumzi ataiweza." Wakauza kiwanja walichokuwa wamekinunua. Kaka yake Ndaki, Charles, aliyebaki nyumbani Kishapu, akawauzia ng'ombe wao wawili. Lusia akachukua akiba yake ya kikoba. Ikapatikana milioni mbili na laki saba, na Ndaki akaifunga kwenye kitambaa, akasema hiyo ndiyo bei ya mtumbwi, kazi iliyobaki ni kumfanya muuzaji naye aijue.

Kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza tena kutembea hata mpaka barabarani bila kupumzika mara mbili, akaenda Lusia.

Mtumbwi waliokuwa wameusikia ulikuwa wa mzee aliyeitwa Akida, mfanyabiashara wa mjini Chato ambaye baba yake alitokea Ujiji. Alikuwa na mitumbwi minne na sasa, kwa umri wake, alitaka kubaki na miwili. Lusia alimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, anakunywa kahawa. Lusia alikuwa amefuatana na fundi Bartholomeo, Mzinza mmoja aliyejenga mitumbwi tangu ujana wake na ambaye alikubali kuja kwa elfu ishirini na sahani ya wali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kutazama au kununua?"

"Kutazama kuna malipo, mzee wangu?"

Akida akacheka. "Tazama."

Bartholomeo alianza kuuzunguka mtumbwi akigonga kila ubao kwa mpini wa nyundo. Ko, ko, ko. Karibu na nyuma, chini, mlio ukabadilika ukawa mzito kama wa kugonga boga. Akagonga tena, akamtazama Lusia. Ubao uliofuata ulikuwa hivyo hivyo. Mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mtumbwi wote, ulikuwa mzima. Mataruma, zile mbavu za ndani, yalikuwa mazima isipokuwa moja lililopasuka likafungwa kwa bati.

Lusia aliinama kwenye maungio ya mbao, akachomoa kwa ukucha kipande cha pamba iliyokuwa imeshindiliwa humo kuzuia maji. Pamba aliijua. Alikuwa ameichuma tangu ana miaka sita. Ile ilivunjika vidoleni kama mkate mkavu.

"Mzee, pamba hii ina miaka mingapi humu?"

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kishapu."

"Ndiyo maana," Akida akasema. "Milioni tatu na laki nane."

Ndaki alikuwa amemwonya: ukisikia bei ya kwanza, uso wako usiseme kitu. Lusia akaendelea kupangusa vidole. "Milioni mbili," akasema.

"Kwa milioni mbili, mama, nitakukatia nusu ya mbele. Ya nyuma nibaki nayo."

"Nikatie hiyo ya mbele basi, maana ya nyuma imeoza."

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu pembeni wakacheka kwa sauti, na Akida naye akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Waliendelea hivyo zaidi ya saa nzima. Walipoachana, Akida alikuwa amefika milioni tatu na laki tatu, na Lusia mbili na laki nne. Njiani Bartholomeo alimwambia kwamba kwa jinsi alivyouona, mtumbwi ule na ukarabati wake, bei ya haki haivuki mbili na laki nane. Akiuziwa tatu hatakuwa ameibiwa, lakini atakuwa amelipia mbao zilizooza kama nzima.

Nyumbani Ndaki alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, mito mitatu mgongoni, maana kulala chali hakuweza. Alitaka kuambiwa kila kitu. Si bei peke yake. Bei aliipata kwa neno moja. Alitaka kujua nani alisema nini, kwa sauti gani.

"Aliposema atakukatia nusu, alikuwa amekasirika au anacheka?"

"Anacheka."

"Basi anataka kuuza. Mikono alikuwa ameiweka wapi?"

"Mmoja una kikombe. Mmoja ameuweka juu ya mtumbwi."

"Juu ya mtumbwi wapi? Kwenye ubao mbovu?"

Lusia akafikiri. "Kwenye ubao mbovu, kweli."

Ndaki akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na Lusia akamshika mgongo mpaka kilipotulia. Alipoweza kusema tena alisema, "Anajua. Anauficha kwa mkono." Kisha akamwekea sharti moja, na Lusia alilikumbuka baadaye kila siku ya maisha yake. "Mimi usinitaje. Akijua nyumbani una mgonjwa, atajua una haraka. Na akijua una haraka, hatashuka hata mia. Ukiulizwa mumeo yuko wapi, sema yuko kazini."

Siku ya Ijumaa Lusia alirudi mwaloni peke yake. Akida alimkaribisha kama mtu wa nyumbani, akamwagizia chai. Wakaanza tena. Mzee akashuka mpaka tatu na laki moja, akatazama ziwa, akasema milioni tatu kamili. Lusia akafika mbili na laki sita, kisha mbili na laki saba, na hapo akasimama.

"Mama, unapatana vizuri," Akida akasema. "Lakini mumeo yuko wapi? Kwa nini asije tukaongea wanaume?"

"Yuko kazini, mzee."

"Basi mwambie Akida amefika milioni tatu na hashuki tena. Nimekaa sana na mtumbwi huu."

Lusia akaenda kando, nyuma ya vichanja vya dagaa, akampigia Ndaki. Akamwambia kwamba mzee amesimama, uso haucheki tena, na kwamba yeye Lusia ana dada, Sesilia, anayeweza kuwaazima laki tatu wakamaliza leo hii.

"Usikope," Ndaki akasema. Alikuwa akipumua katikati ya maneno. "Hizo mbao mbili zinahitaji laki mbili nyingine. Milioni tatu siyo haki, mayu. Mbili na saba ndiyo haki. Mwache. Mpe siku nne. Atakupigia mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Nimeuza ng'ombe wangapi mimi?"

Lusia akarudi, akamshukuru Akida kwa chai, akapanda pikipiki bila kugeuka nyuma, kama alivyofundishwa.

Jumapili mchana Ndaki alishindwa kumaliza sentensi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali, wakamwekea mpira wa oksijeni puani, na muuguzi akamwambia Lusia atafute mtu wa kumpokea zamu, maana hapa hawatatoka kesho. Fredy alikuwa Geita kwenye kazi ya ulinzi, akasema atakuja Jumatano akipata ruhusa. Fedha zikaanza kutoka kwenye kitambaa: kitanda, vipimo, sindano, chakula. Lusia alitoa bila kutazama.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ikaita akiwa amekaa kando ya kitanda.

"Mama, hapa Akida. Kuna mtu wa Nkome amekuja, ana milioni tatu na laki moja mkononi. Wewe ulitangulia. Ukinipa tatu kamili mpaka kesho adhuhuri, ni wako. Sitaki uje kusema nimekuzunguka."

Lusia alitazama kitambaa. Humo hazikubaki hata mbili na laki sita. Alitaka kusema, mzee, mume wangu yuko hapa amelala, nisubiri. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini Ndaki alikuwa macho, anamwangalia, na sharti lake lilikuwa bado halijaondolewa.

"Nitakupigia, mzee," akasema, akakata simu.

"Ni yeye?" Ndaki akauliza.

"Ni yeye."

"Anasemaje?"

Baadaye Lusia alijaribu mara nyingi kukumbuka kama aliamua. Hakukumbuka kuamua. Alikumbuka macho ya mume wake, jinsi yalivyokuwa yameng'aa kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na jinsi alivyojiinua kidogo kwenye mito kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

"Amekubali," akasema. "Mbili na laki saba."

Ndaki alifumba macho. Akatabasamu taratibu, uso mzima. "Siku ya ngapi leo?"

"Ya tatu. Tangu Ijumaa."

"Nilikwambia nne. Mzee mwepesi huyu." Akapumua. "Haya, nieleze. Ameanzaje? Kwa salamu au kwa bei?"

Na Lusia akamweleza. Alitunga mazungumzo yote, mzee alivyolalamika, alivyotaja watoto wake, alivyosema mama umenimaliza. Ndaki alikuwa akimkatiza na kuuliza, na Lusia alijibu. Hakupiga simu kwa Akida siku ile. Wala kesho yake adhuhuri, ilipofika, hakupiga. Alikuwa amemshikia mume wake kikombe cha uji.

Siku tatu walikaa na mtumbwi ule kati yao pale wodini. Ndaki alitaka kujua umelazwa wapi, nani anaulinda. Lusia akasema uko kwa fundi Bartholomeo, anabadilisha mbao. Ametaka kiasi gani? Lusia akataja laki na nusu, maana alidhani hiyo itatosha kumnyamazisha. Ndaki akafungua jicho moja.

"Mpe laki na ishirini. Na misumari alete yeye."

Lusia akatoka nje kama anayekwenda kupiga simu. Akasimama kwenye kona ya jengo, karibu na bomba la kufulia, simu sikioni, haijapigwa popote. Akalia hapo muda mfupi, akaosha uso, akarudi ndani.

"Amekubali laki na thelathini."

"Siyo mbaya," Ndaki akasema. "Ni fundi mzuri."

Jumatano Lusia alikwenda kununua maziwa, akamwachia simu yake, maana ya Ndaki ilibaki nyumbani. Aliporudi aliikuta imewekwa juu ya kifua cha Ndaki, naye amelala. Hakuuliza alikuwa akiongea na nani. Fredy alifika jioni, akaketi miguuni kwa baba yake, na Ndaki akamwambia kwa vipande vipande habari za mtumbwi. Fredy akamtazama mama yake kwa furaha. Lusia akainamisha kichwa.

Alhamisi asubuhi, kabla uji haujapoa, Ndaki aliacha kupumua. Hakuhangaika. Muuguzi alikuja, akasikiliza kifua, akazima mashine ya oksijeni, na ukimya wake ndio uliomwambia Lusia.

Walimsafirisha mpaka Kishapu. Jeneza, gari, chakula cha waombolezaji: kitambaa kikabaki na milioni moja na kidogo. Watu wengi walikuja, maana Ndaki alijulikana minadani tangu kijana. Padri alipomaliza na udongo ukarudishwa, Charles alisimama kusema kwa niaba ya ukoo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyezoea kusema mbele ya watu. Alishukuru majirani, akashukuru kwaya. Kisha akasema:

"Ndugu yangu alinipigia juzi, Jumatano. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alikuwa na furaha. Aliniambia, kaka, hata nikiondoka, nimemwachia mama Fredy mtumbwi. Tumeununua, na umeshalipiwa. Kwa hiyo tunamlilia, lakini hakuondoka mikono mitupu. Alikuwa mwanaume."

Watu wakaitikia. Wanawake waliokaa na Lusia kwenye mkeka wakamshika mabega, mmoja akamnong'oneza, "Wabeja, mayu, Mungu amekukumbuka," akimshukuru Mungu kwa niaba yake. Lusia alifikiri asimame aseme ukweli. Akabaki ameketi.

Siku ya tatu ukoo ulikaa kikao. Shangazi wa Ndaki, mama mkali aliyeitwa Juliana, akauliza karatasi za mtumbwi ziko wapi, na mtumbwi wenyewe uko kwa nani, na je, jina lililoandikwa ni la marehemu au la mke. Aliuliza kama mtu anayejua tayari hatapenda jibu.

"Hakuna mtumbwi," Lusia akasema.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Hakuna namna gani?" Juliana akauliza. "Mgonjwa alisema uongo kitandani?"

"Mimi ndiye niliyesema uongo."

Walianza kusema wote kwa pamoja. Ng'ombe wawili waliuzwa. Kiwanja kiliuzwa. Fedha zimekwenda wapi? Fredy, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliinuka akatoka nje. Hilo lilimuuma Lusia kuliko maneno ya Juliana. Charles peke yake alisubiri mpaka walipochoka. Kisha akasema, "Shemeji, tutakwenda mimi na wewe. Huyo mzee nitamwona kwa macho yangu."

Wakaenda. Safari nzima, Kishapu mpaka Buseresere, hawakuongea isipokuwa kuulizana kuhusu maji na nauli. Kesho yake wakashuka mwaloni. Pale ulipokuwa mtumbwi palikuwa na alama ya mkuku kwenye mchanga, imeanza kujaa takataka za ziwa. Akida alikuwa kwenye kiti chake.

Charles alimsalimu, akajitambulisha, akaeleza moja kwa moja kilichomleta. Akida alisikiliza mpaka mwisho. Kofia akaivua.

"Huyu mama hakunilipa hata shilingi," akasema. "Nilimpigia Jumatatu. Nikamsubiri Jumanne mpaka adhuhuri, nikamsubiri mpaka alasiri. Hakupiga. Jumatano nikamuuzia mtu wa Nkome." Akamgeukia Lusia. "Mama, mbona hukuniambia? Nilikuuliza mumeo yuko wapi, ukasema yuko kazini. Ningejua kuna mtu amelala kitandani anausubiri mtumbwi wangu, ningekupa kwa hiyo mbili na laki saba. Wallahi ningekupa, na hiyo laki saba ungeniletea polepole."

Labda angempa. Labda yalikuwa maneno mepesi ya mtu ambaye amekwisha kupokea fedha zake. Lusia hatajua kamwe, na kutojua huko ndiko kulikokaa naye, mwezi baada ya mwezi, kuliko hata kifo chenyewe. Kifo alikuwa amekiona kikija. Hili lilikuwa neno moja tu, nyuma ya meno yake, na hakulitoa.

Charles alikuwa amesogea mpaka kwenye ile alama ya mchangani. Alikaa chini, mtu mzima na viatu vyake vya msibani, magoti juu.

"Ulimdanganya ndugu yangu siku tatu," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Akiwa anakufa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Lusia akaketi hatua chache kutoka alipokuwa. "Aliniuliza mzee amesemaje. Alikuwa ameinuka kwenye mito. Sikuweza kumlaza chini tena."

Charles alipitisha kiganja juu ya alama ya mkuku. Aliposema, sauti yake ilikuwa imepasuka. "Unajua alichoniambia kwenye simu? Alisema, kaka, nimemshusha mzee wa watu kutoka tatu na laki nane mpaka mbili na laki saba, na sijanyanyuka kitandani. Akacheka. Shemeji, sijamsikia akicheka vile tangu tulipokuwa vijana, tulipomuuzia mtu wa Mhunze yule dume mwenye pembe moja." Akafunika uso kwa viganja, akalia kama mtoto, mabega yakitikisika, mbele ya wavuvi na mzee Akida. Lusia alilia naye. Tangu msiba uanze, hapo ndipo alipolia kwa sauti.

Charles aliporudi Kishapu aliueleza ukoo aliyoyaona. Wengi walikubali. Juliana hakukubali, na mpaka leo husema kwamba fedha za mtoto wa kaka yake zililiwa Buseresere. Lusia ameacha kujieleza kwake. Fredy alichukua miezi mitano kabla ya kupiga simu kama zamani, na hata alipoanza hakumtaja baba yake kwa muda.

Lusia alirudi kwenye kibanda chake. Mwaka mmoja na nusu baadaye, kwa ile milioni iliyobaki na laki chache alizoziongeza kidogo kidogo, alikwenda mwalo mwingine kutazama mtumbwi mdogo wa mtu aliyeitwa Sufiani. Safari hii alikuwa ameapa kutoficha kitu. Sufiani alipotaja milioni moja na laki nane, alimweleza yote: kwamba ni mjane, kwamba mume wake alitaka mtumbwi, kwamba ana milioni moja na laki nne tu.

Sufiani alimsikiliza kwa huruma. "Pole sana, mama," akasema. "Basi iwe moja na laki saba."

Lusia alimtazama, na kitu fulani ndani yake kikasimama wima. Akainama, akaanza kugonga mbao moja moja. Walibishana mpaka jua likawa juu ya kichwa. Aliuchukua kwa moja na laki tatu na nusu, Sufiani akitoa na makasia mawili. Bartholomeo, aliyekuja kuukagua, alisema ni bei ya haki kabisa, wala hakuna aliyemwonea mwenzake.

Jioni ile alimpigia Fredy. "Nimepata mtumbwi."

"Shilingi ngapi, mama?"

Akamtajia.

"Hongera sana. Ni vizuri," Fredy akasema, na akaanza kuongea habari za kazi. Lusia alikuwa amejiandaa kueleza Sufiani alivyosema, alivyojikuna shingo, alivyojifanya anaondoka. Hakuulizwa. Akasikiliza habari za kazi mpaka mwisho, akamtakia usiku mwema, akaosha masufuria.

Mtumbwi unafanya kazi. Wavuvi watatu huenda nao, na siku za kupata dagaa Lusia huwaanika mwenyewe, amekaa chini. Mara chache hukutana na mzee Akida sokoni Chato, wakasalimiana vizuri, kwa shikamoo na marahaba. Siku moja mzee alianza kumwambia yule mtu wa Nkome ameupaka mtumbwi rangi gani, na umehamishiwa kisiwa gani.

"Usiniambie, mzee wangu," Lusia akasema. "Tafadhali."

Akida akaitikia kwa kichwa. Akamnunulia soda, wakasimama kivulini wakainywa, kisha kila mmoja akashika njia yake.